Kempa ya Zamani Kwenye Pikapu Nyingine: Dalili, Sababu na Namna ya Kurekebisha

Kempa ya kukunjuka ni kijumba kinachokaa kwenye bodi ya pikapu. Ukiwa safarini paa lake limelala chini. Ukifika unalisukuma juu na turubai linasimama kuwa kuta. Nyingi zilizoundwa miaka ya 1970 na 1980 bado zina mifupa mizuri, na ndiyo maana watu wanazivua ngozi, wanazijenga upya na kuzipandisha kwenye pikapu ambazo hazikuwapo wakati kempa zenyewe zinaundwa.

Nimejenga upya moja ya aina hiyo na nimewasaidia wenzangu kadhaa kutafuta ubovu kwenye zao. Siku hizi, kabla sijagusa kitu, nauliza kwanza: tatizo hili lilikuwapo kempa ikiwa kwenye gari lake la zamani? Mara nyingi halikuwapo. Kempa ni ileile na gari ni zima, ila kimo cha kuta za bodi kimebadilika, upana umebadilika, alteneta inachaji kwa namna nyingine, na tundu la hewa lililokuwa likitazama nje sasa linatazama bati. Kwa hiyo anzia pale kempa inapokutana na gari. Ukuta na vifaa vya ndani vifungue baadaye.

Kazi nyingi zilizo hapa chini zinahitaji futi ya kupimia, pimamaji, mita ya umeme, maji ya sabuni na bisibisi nyembamba. Kuhusu majina: sehemu inayolala juu ya kebini naiita pua, zile zinazotoka pembeni juu ya kuta za bodi ni mabawa, na ile inayozama ndani ya bodi ni sanduku. Vikazio ni vile vya kukaza vinavyoifunga kempa kwenye gari, kimoja kila pembe.

Pua inagonga kebini, au mabawa yamekalia kuta za bodi

Sababu inayoongoza ni kimo. Pikapu za sasa zina bodi yenye kina kirefu na kebini ndefu kuliko za zamani; bodi ya Ford F-150 ya miaka hii ina kina cha takriban sm 54. Sanduku lililokatwa kwa ajili ya bodi yenye kina kifupi likiingizwa humo, mabawa yanafika kwenye kuta kabla sakafu haijabeba uzito, au pua inabaki kidole kimoja juu ya paa la kebini. Kwenye barabara laini hutaona kitu. Ukipanda tuta kwa tairi moja ndipo kebini na bodi hucheza kila kimoja kivyake, na pua inashuka.

Usipime gari likiwa limesimama tu. Chukua vidonge vinne vya udongo laini wa kuchezea watoto, vyenye unene unaozidi uwazi ulioupima, vibandike juu ya kebini chini ya pua, kisha endesha polepole kwenye barabara mbovu. Mimi nilikuwa nimepima sm 4 na nikaridhika. Kidonge cha kushoto kilirudi kimebonyezwa hadi unene wa kama mm 6, na katikati yake kulikuwa na alama safi ya kichwa cha skrubu chenye msalaba. Skrubu hiyo ingetoboa rangi ya kebini ndani ya safari moja. Tangu siku hiyo sikubali chini ya sm 5 kati ya pua na kebini, na nikiweza naacha 7 au 8. Kati ya bawa na ukuta wa bodi acha sm 2.5 kila upande.

Tiba yake ni kuinua sakafu. Tandika mapande ya povu gumu la XPS, lile la buluu au la waridi linalotumika kwenye misingi ya nyumba, kisha juu yake plaiwudi moja inayofunika eneo lote. Watu huogopa kwamba povu litapondeka. Kempa ya kilo 600 iliyokalia mita za mraba 2.4 inaweka kilo 250 tu kwa kila mita ya mraba, na povu hilo linahimili zaidi ya hapo kwa mbali. Ukipenda mbao, zilaze kwa urefu wa gari ili maji ya mvua yapate njia ya kutokea nyuma. Usiweke vigogo vinne kwenye pembe peke yake, kwa sababu sakafu ya kempa itaning'inia katikati na baada ya miezi michache mlango utaanza kukwama.

Sababu inayofuata ni upana kati ya matuta ya matairi, yaani vifuniko vya magurudumu vinavyochomoza ndani ya bodi. F-150 ina karibu sm 128 hapo, na Toyota Tacoma ya matoleo ya 2005 hadi 2023 ina karibu sm 105. Sanduku la gari kubwa haliingii kwenye gari dogo bila kukatwa. Ukilazimika kukata, kata sawasawa pande zote mbili ili uzito ubaki katikati, na hakikisha kwanza kwamba njia ya kupita ndani na fremu ya mlango havitaguswa.

Simama hapa: kama mifupa ni ya mirija ya alumini, usikate kiungo kinachoshika sakafu na kuta kabla hujaongea na fundi anayechomelea alumini kila siku. Joto la kuchomelea hudhoofisha alumini pembeni mwa weldi, kwa hiyo kiungo kilichorudishiwa bila bamba la kuongeza nguvu hupasuka palepale kandokando yake.

Kempa inasogea, inagonga mbele, au vikazio vinalegea kila baada ya safari

Chora mstari wa chaki pale sakafu ya kempa inapokutana na bodi, mbele na nyuma, pande zote mbili. Endesha kilomita 20, pamoja na breki mbili tatu za nguvu mahali salama. Mistari itakuonyesha kempa inakwenda upande gani, nawe utaacha kubahatisha.

Ikiwa imekwenda pande zote, tazama chini. Pikapu nyingi huwekewa bitana la plastiki ndani ya bodi, na plastiki hiyo inateleza. Litoe, weka mkeka mzito wa raba. Tiba hii peke yake imemaliza nusu ya malalamiko niliyoletewa kuhusu kempa kusogea.

Ikiwa imekwenda mbele, hakuna kinachoizuia. Bodi ya gari jipya huenda ni ndefu kuliko ya zamani, na sanduku limeacha nafasi kati yake na ukuta wa mbele. Jaza nafasi hiyo kwa mhimili wa mbao uliofungwa raba, uliokaa chini kabisa pale ukuta ulipo imara. Vikazio haviwezi kuzuia kilo mia kadhaa peke yake siku ya breki ya ghafla.

Ikiwa imekwenda pembeni, basi ni sanduku jembamba ndani ya bodi pana. Piga mbao za kuongozea kila upande, usawa wa matuta ya matairi.

Halafu kuna vishikio vyenyewe, yaani pale vikazio vinapofungwa kwenye gari. Bolti yenye pete iliyofungwa kwenye bati jembamba la bodi huanza kulivuta juu kama kidole kinachosukuma kitambaa. F-150 zina bodi ya alumini tangu toleo la 2015, na Tacoma zina bodi ya plastiki iliyoimarishwa tangu 2005. Kwenye zote mbili kipete kidogo cha chini ya bolti (washa) hakitoshi. Weka bamba pana chini ya bodi linalosambaza mvuto, na kwenye alumini tenganisha chuma na alumini kwa raba au rangi nzito ili zisilane. Bora zaidi ni vishikio vinavyoshika chesisi kupitia bolti ambazo gari tayari linazo.

Wengine hukaza kupita kiasi. Mlango wa kempa ukianza kubana mara tu baada ya kufunga, legeza vikazio vyote vinne. Ukifunguka kirahisi, ulikuwa unalisokota sanduku kwa mkono wako mwenyewe. Kaza kwa zamu, pembe kwa pembe inayotazamana nayo, hadi vikazio vishike bila kulia.

Simama hapa: ufa wowote unaoanzia kwenye tundu la bolti, au wazo la kutoboa chesisi. Chini ya bodi kuna tangi la mafuta, mirija ya breki na mafungu ya waya, na chesisi haitobolewi wala kuchomelewa kwa kukisia.

Gari limelala nyuma, usukani umekuwa mwepesi, taa kubwa zinamulika juu

Sababu ya kwanza ni uzito, na karibu kila mtu anaukadiria chini. Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinaeleza gari linaruhusiwa kubeba nini, na ndani ya hesabu hiyo wamo abiria, majokofu ya mkononi, betri ya ziada na maji. Lita 75 za maji ni kilo 75. Namba iliyogongwa kwenye kibati cha kempa ya zamani usiitegemee baada ya kuijenga upya. Plaiwudi nene na kabati mpya hujilimbikiza polepole, na wakati mwingine ukuta una maji yaliyonyonywa kwa miaka.

Nenda kwenye mizani ya magari mara mbili, bila kempa na ukiwa nayo, na kila safari upime ekseli ya mbele na ya nyuma kando kando. Namba hizo nne zinakupa pia mahali kitovu cha uzito kilipo. Chukua kilo zilizoongezeka ekseli ya mbele, zidisha kwa umbali kati ya ekseli, gawanya kwa uzito wa kempa. Mfano: mbele imeongezeka kilo 45, umbali kati ya ekseli ni mita 3.2, kempa ina kilo 450. Jibu ni mita 0.32, yaani kitovu kiko sm 32 mbele ya ekseli ya nyuma. Hapo ni pazuri. Kama ekseli ya mbele imepungua uzito, kitovu kiko nyuma ya ekseli; usukani mwepesi hautibiwi kwa springi. Hamisha betri, tangi la maji na mitungi mbele, au kubali kwamba bodi hiyo ni fupi kwa kempa hiyo.

Uzito ukiwa ndani ya kiwango na gari bado limelala, springi zimechoka. Jani la kuongeza au mifuko ya hewa itainua nyuma na kurudisha taa chini. Lakini haibadilishi kile kibandiko cha mlangoni. Breki, ekseli na tairi ni zilezile.

Kuhusu tairi, soma namba ya mzigo ubavuni: 110 ni kilo 1060 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1450. Zidisha kwa mbili, linganisha na ekseli ya nyuma uliyoipima, na hakikisha kuna ziada.

Simama hapa: ekseli ya nyuma ikizidi kiwango chake hata kwa kidogo, usisafiri. Gari likiyumba upande kwa upande mwendo wa barabara kuu, punguza polepole bila kukanyaga breki ghafla na lisirudi barabarani kabla fundi wa springi na usukani hajalikagua.

Paa halipandi, linapanda upande mmoja, au halifungiki

Kabla ya yote, fungua mlango na tundu la hewa la paani. Paa likipanda huku kempa imefungwa, hewa haina pa kuingilia na turubai linanyonywa ndani. Likishuka, hewa haina pa kutokea na turubai linafura nje na kubanwa na ukingo. Watu wamevunja bawaba kwa kukosa kufungua dirisha.

Kisha tazama kilicho juu: paneli ya jua, maji yaliyotuama, sanduku la mizigo. Paa la zamani liliundwa kubebwa na mikono miwili. Kila kilo iliyoongezwa inabebwa na bawaba na shokapu za gesi. Shokapu zilizochoka unazijua kwa namna paa linavyopanda vizuri mchana wa joto na kugoma asubuhi ya baridi. Zibadilishe zote kwa pamoja, kwa namba ya nguvu iliyoandikwa ubavuni mwake, ukiongeza kulingana na uzito mpya.

Kempa zinazotumia mkono wa kuzungusha na waya wa chuma zina ugonjwa wao: waya mmoja umerefuka, au kapi moja limekauka, na pembe moja inachelewa. Paka grisi makapi kwanza, rekebisha urefu wa waya baadaye. Waya uliochanika hata nyuzi chache unabadilishwa, hauungwi.

Paa linalopanda sawa lakini kufuli zake hazikutani ni dalili ya sanduku lililosokotwa. Pima mishazari miwili ya fremu ya juu, kutoka pembe hadi pembe. Ikitofautiana, rudi kwenye sakafu na vikazio kabla hujagusa kufuli. Kempa moja niliyoletewa ilikuwa imetobolewa matundu mapya ya kufuli mara tatu, na kumbe chini ya sakafu kulikuwa na kokoto iliyokaa pembeni mwa mkeka.

Onyo: usiweke kichwa wala mikono kati ya paa na ukuta kabla hujasimamisha nguzo za mbao kila pembe. Shokapu ya gesi haitobolewi, haikatwi, haipashwi moto. Ina msukumo mkubwa ndani. Springi ya kusokotwa kwenye mfumo wa kuinulia aachiwe fundi mwenye vifaa vyake.

Maji yanaingia, au ukuta umekuwa laini

Hapa ndipo uvumilivu unahitajika kuliko popote, kwa sababu mahali maji yanapoonekana si mahali yanapoingilia. Yanaingia kwenye tundu la hewa la paani na kutokea kwenye pembe ya chini ya pua, mita mbili mbali.

Anza na bisibisi. Bonyeza kwa ncha yake kila sm 10 kwenye kingo za chini, kuzunguka madirisha, chini ya pua na pale jeki za kuinulia kempa zinaposhikia. Mbao nzima inagoma. Mbao iliyooza inapokea ncha bila sauti. Nilipong'oa ukanda wa alumini kwenye pembe ya mbele ya yangu, skrubu zilitoka kwa vidole, nyembamba kama sindano kwa kutu, na mbao iliyokuwa nyuma yake ikamwagika kiganjani nyeusi na yenye unyevu kama majani ya chai yaliyokwisha kupikwa. Kwa nje rangi ilikuwa haina hata kovu.

Kutafuta penye kuvuja, mwaga maji kwa mpira kuanzia chini kwenda juu, sehemu moja kwa dakika kumi, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yanashuka kila mahali na hutajua lipi ni lipi.

Kwa wingi, yanayovujisha ni haya: viungo vya kona na kanda zake za alumini, tundu la hewa la paani, fremu za madirisha, matundu ya skrubu yaliyoachwa ulipohamisha kitu, na mwisho turubai lenyewe. Kwenye kempa iliyohamishiwa gari jingine ongeza moja: bawa lililokuwa likining'inia huru sasa limekaa karibu na ukuta wa bodi, na maji yanayotimuliwa na matairi yanalipiga kwa chini, mahali ambapo hapakuwahi kuzibwa.

Usipake silikoni juu ya kilichokuwapo. Ni kosa ninaloliona mara nyingi kuliko jingine lolote, na linaniumiza kwa sababu linafanywa na watu wanaoipenda kempa yao. Silikoni huacha utando ambao hakuna kitu kingine kitakachoushika, hata silikoni nyingine. Ng'oa ukanda, kwangua hadi alumini tupu, safisha kwa spiriti, weka utepe wa butili (raba laini inayonata), rudisha ukanda kwa skrubu mpya zisizoshika kutu, acha butili ifurike nje, kisha ikate baada ya siku mbili.

Mbao mpya iliyowekewa dawa yenye shaba haipaswi kugusa ngozi ya alumini. Ikilowa, shaba hiyo inaila alumini na kuacha vitundu. Weka kizuizi katikati au tumia mbao isiyo na dawa iliyopakwa epoksi. Na ukuta usiufunge ukiwa na unyevu. Uache wazi hewani wiki nzima ikibidi.

Turubai lenye vitundu vya sindano linazibwa kwa kiraka na gundi ya vinili. Likianza kupasuka kwenye mikunjo, limeisha. Pima na agiza jipya.

Simama hapa: uozo ukifika kwenye mhimili unaobeba pua, au kwenye mbao zinazoshika jeki, usilale humo wala usiinue kempa kwa jeki hizo.

Betri ya kempa haijai, au taa za nyuma zinafanya mambo ya ajabu

Taa kwanza, kwa kuwa ni rahisi. Ukikanyaga breki na taa ya kugeuka inawaka hafifu, ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ni mbovu. Tafuta waya wa ethi wa kempa, safisha mahali unapofungwa hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi. Bodi ya plastiki si ethi, na kempa iliyokaa juu ya povu na raba haina ethi ya bure kama zamani. Vuta waya wake hadi chesisi.

Kuna mtego ulionikamata mimi. Katika kempa nyingi za Marekani, waya mweusi ndani ya kijumba ndio chanya na mweupe ndio hasi, wakati kwenye gari mweusi ni hasi. Niliunga mweusi kwa mweusi. Fyuzi ililia mara moja na kukatika, na nashukuru ilikuwapo. Pima kila waya kwa mita kabla ya kuunga na uandike kwenye utepe; rangi haitoshi.

Betri isiyojaa ina sababu tatu. Ya kwanza ni waya mwembamba. Waya wa mm² 2.5 unaokwenda mita 7 na kurudi mita 7 hupoteza karibu volti 1 ukipitisha ampia 10. Pima volti kwenye betri ya gari injini ikiunguruma, kisha kwenye betri ya kempa. Tofauti ikizidi volti 0.5, ongeza unene wa waya na kagua viungo vyote.

Ya pili ni alteneta za kisasa. Kompyuta ya gari hushusha volti ikiona betri yake imejaa ili kuokoa mafuta, na betri ya kempa inabaki na njaa safari nzima. Ukiona volti kwenye betri ya gari zinapanda na kushuka, wakati mwingine chini ya 13, waya mnene hautasaidia. Unahitaji chaja ya kati inayopokea volti yoyote na kutoa inayotakiwa. Ya tatu ni betri yenyewe kuchoka: ya risasi iliyojaa na kupumzika saa kadhaa inapaswa kusoma volti 12.6 hadi 12.8. Betri ya lithiamu ya fosfati haichajiwi chini ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Fyuzi iwe karibu kabisa na kila betri, ndani ya sm 18. Waya unaopata moto, harufu ya plastiki inayoungua au fyuzi inayokatika kila ukibadilisha ni mambo ya fundi umeme. Usiweke fyuzi kubwa zaidi.

Harufu ya gesi, mwali wa njano, jokofu halipoi

Harufu ya gesi: zima mtungi, fungua kila kitu, usiguse swichi, tokeni nje. Uchunguzi unafuata hewa ikishasafika, nao ni wa maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kamwe si wa kiberiti. Mipira na regyuleta (vipunguza msukumo wa gesi) za umri wa kempa yenyewe hazipimwi, zinabadilishwa.

Lakini tazama pia hili, kwa sababu linakuja na gari jipya. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana kabati la mitungi lina tundu chini kabisa linalotoa nje. Kwenye bodi yenye kuta ndefu tundu hilo linaweza kuwa sasa limezama chini ya ukingo, au umeliziba mwenyewe kwa povu. Gesi ikivuja itakaa ndani ya bodi, chini ya kitanda chako. Kagua pia bomba la moshi la hita: lisielekee kwenye ukuta wa bodi wala karibu na mdomo wa tangi la mafuta. Matundu hayo yakizibwa, hamisha tundu au inua kempa; usiwashe chochote kabla ya hapo.

Mwali wa njano au masizi kwenye sufuria maana yake gesi haipati hewa ya kutosha. Buibui hupenda kujenga ndani ya mirija ya jiko na hita iliyokaa muda mrefu, safisha mirija. Ukibaki njano, mwite fundi wa gesi. Kengele ya kaboni monoksidi (gesi ya sumu isiyo na harufu) iwekwe kabla ya usiku wa kwanza, na ukipata maumivu ya kichwa yanayoisha ukitoka nje, usirudi ndani kulala.

Jokofu la gesi linataka kukaa sawa. Pikapu isiyo na mzigo kamili huinama mbele, na jokofu lililofanya kazi vizuri kwenye gari la zamani linaacha kupoza. Weka pimamaji ndani yake, sawazisha gari, subiri saa nyingi. Ukisikia harufu ya amonia au kuona unga wa njano nyuma yake, limetoboka: lizime, pitisha hewa, na lisiwashwe tena.

Kamera, taa ya tatu ya breki na jeki

Ukitoa geti la bodi, kamera ya nyuma inaondoka nalo. Marekani magari mapya madogo, pamoja na pikapu nyepesi, yanalazimika kuwa nayo tangu Mei 2018. Zipo nyaya za kurefusha ili uihamishie kwenye kempa. Taa ya tatu ya breki ililazimishwa kwa pikapu huko kuanzia matoleo ya 1994, kwa hiyo kempa ya kabla ya hapo haina yake na inaifunika ya gari. Ongeza moja nyuma, juu.

Jeki za zamani zimepangwa kwa gari jembamba. Pima upana wa gari kwenye matairi ya nyuma na vioo vya pembeni, kisha umbali kati ya jeki, kabla hujarudi nyuma kwa mara ya kwanza. Zikikosa nafasi, kuna vishikio vya kuzitoa nje, lakini kila sentimita ya kwenda nje huongeza nguvu inayong'oa skrubu, hivyo vifungwe kwa bolti zinazopenya hadi bamba la ndani. Shusha hatua ndogo ndogo, mbele ikiwa juu kidogo kuliko nyuma, na kempa ikiwa juu ya jeki peke yake asiwepo mtu chini yake, hata kuokota spana.